Mlezi wa Mama

Mlezi anayemhudumia mama yangu kwenye nyumba ya wazee ana mazoea yanayoninyima usingizi: mama akiinuka kitini, yeye huweka mikono nyuma. Hamshiki. Husimama kando yake, mwili wake mnene umeinama kidogo, akisema kwa sauti ya chini, "Taratibu, bibi, choo hakina miguu, hakitakimbia." Mama hucheka. Mimi sicheki, maana mwaka jana alivunjika nyonga. Mama akifunga vifungo vya gauni na kukosea tundu, mlezi hungoja tu, akijifanya anakunja shuka iliyokwisha kukunjwa.

Jana uzalendo ulinishinda. Mama alifika katikati ya chumba, magoti yakaanza kumtetemeka, nami nikaruka kumdaka. "Niache, mwanangu!" akafoka. "Nyumbani ulinishika mpaka nikasahau kusimama." Nikarudi nyuma kwa haya, nikajikuta nyuma ya mlezi, na hapo ndipo nilipoiona vizuri ile mikono. Vidole vilikuwa vimekamatana kwa nguvu, kucha zimezama nyamani, na sare yake imelowa jasho mgongo mzima. Mama akayumba. Mikono ikafunguka, ikasita, ikakamatana tena. Mama akakishika kitasa, akaingia chooni, akajifungia.

Tukabaki wawili tukiutazama mlango.

"Kumbe na wewe unaogopa, dada?" nikanong'ona.

"Kila akiinuka," akajibu, huku ameutegea mlango sikio. "Ila usimwambie."