Kurasa za Mwisho za Kishindo

Jengo letu liko salama. Ndivyo ilivyosema idara ya majengo, iliyolikagua kuanzia msingi hadi paa, ikaridhika, ikapiga muhuri na kubandika tangazo ndani ya mlango mkuu: wapangaji waondoe hofu, waendelee na shughuli zao.

Kinyozi wa chini aliendelea na zake. Ukutani, pale wenzake wanapotundika picha za mitindo ya nywele, ana rafu ya vitabu vya katuni vya zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai, vyote vya shujaa mmoja aitwaye Kishindo: barakoa usoni, joho mgongoni, anasimamisha treni kwa kiganja. Wateja husoma wakingoja zamu. Ila hakuna kitabu chenye ukurasa wa mwisho. Kinyozi alizichana kurasa hizo zote zamani, akazifungia kwenye droo ya nyembe. Ukitaka kujua Kishindo alipona vipi, rudi nywele zikiota. Kwa ujanja huo hata wenye vipara wamekuwa wateja wa kudumu.

Vitabu ni vya kaka yake, aliyemwachia alipokwenda kufanya kazi migodini. Mwaka huu kaka amerudi, mapafu yamekwisha, visa vya Kishindo keshavisahau, analala nyuma ya pazia la kinyozi. Daktari hakuwa na dawa mpya. Basi kinyozi akampa ile aliyokuwa nayo: leo kitabu, kesho mwisho wake. Aliamini kwamba mtu mwenye jambo analolingoja haondoki hivi hivi. Na kweli, kaka alianza kuamka kabla yake na kudai haki yake.

Kisha dari ikaanza kuvuja. Kinyozi akamfuata msimamizi wa jengo.

"Umesoma tangazo?" msimamizi aliuliza.

"Nimesoma, bosi."

"Sasa maji yanatoka wapi?"

"Juu."

"Juu kumekaguliwa."

Kinyozi akaweka ndoo. Maji, kwa kuwa hayajui kusoma, yaliipita ndoo, yakafuata ukuta hadi kwenye droo. Alipoifungua, miisho yote ya Kishindo ilikuwa uji wa rangi rangi.

Siku hiyo kaka alikuwa ameachwa pabaya: Kishindo kafungwa minyororo ndani ya tangi, maji yamemfika kidevuni. Kinyozi aliuliza kila aliyekaa kitini. Wote walikumbuka kwamba alipona. Hakuna aliyekumbuka vipi.

"Lete mwisho, mdogo wangu," kaka alisema nyuma ya pazia.

"Leo nakusimulia. Aliruka, akatoboa paa."

"Kishindo haruki."

"Alijifunza."

Kaka alicheka mpaka kikohozi kikamnyang'anya kicheko. Akafuta mdomo.

"Droo imelowa?"

"Yote."

"Na wewe hukumbuki hata mmoja?"

"Mimi nilikuwa nakata nywele, kaka. Wao ndio walikuwa wanasoma."

"Basi mwache humo humo," kaka alisema, akageukia ukuta.

Asubuhi kinyozi alimwekea kitabu kingine kando ya mto. Jioni alikikuta pale pale, hakijafunguliwa, na kesho yake vilevile.

Ijumaa watu wa idara walikuja. Walibandika tangazo lile lile upya, safari hii nje ya mlango, kwa sababu la kwanza lilikuwa limelowa, likabanduka.