Darasa la Kituo cha Maziwa

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, niliacha vitabu vyangu vingi ndani ya dawati. Mwalimu mkuu alituambia ni wiki chache tu. Nilikuwa kidato cha nne, mtahiniwa, na shule yetu ya kutwa iko mwendo wa saa moja kutoka kwetu, juu ya Njoro, pale mashamba makubwa ya ngano yanapoishia na vishamba vya watu kama sisi vinapoanza.

Tulisikia watoto wa mjini wanasoma kwa simu na kompyuta. Kwetu kulikuwa na simu moja, ya baba, na baba alikuwa dereva wa trekta. Alitoka nayo alfajiri, akarudi nayo giza likiingia. Redio ilikuwa na masomo, lakini betri zikiisha tulikaa hivyo hivyo mpaka mtu aende sokoni. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa fundi wa kukata nyasi ya ng'ombe, na nilikuwa nimeanza kusahau. Siku moja nilijaribu kuandika fomula ya asidi ya salfuriki mchangani, nikabaki nimeshika kijiti. Nililia pale zizini, si kidogo.

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, kibanda cha mabati kando ya lami. Wakulima walipanga foleni, kila mtu na mkebe wake, wakasimama kwenye mawe yaliyopakwa chokaa ili wasikaribiane. Mpimaji wa zamani alihama, na Jumatatu moja nikakuta mtu mpya mwenye koti jeupe, gambuti, na barakoa iliyofika chini ya macho.

"Nambari ya mwanachama?" akauliza.

Niliitambua ile sauti kabla hajamaliza. Alikuwa mwalimu wangu wa Kemia.

Hakuwa mwalimu wa serikali. Aliajiriwa na bodi ya shule, na wanafunzi walipoenda nyumbani mshahara wake ulienda nao. Nilimtajia nambari. Akaiandika. Akatia kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kujua kama maziwa yametiwa maji, akamimina, akanirudishia mkebe. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Nilirudi nyumbani nimeona aibu, nikidhani namwonea yeye. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa najionea mwenyewe, maana kama mwalimu wa Kemia amekuwa mpimaji wa maziwa, mimi nitakuwa nani?

Tuliendelea hivyo wiki nzima, nambari na mkebe, mkebe na nambari.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mzee mbele yangu, mjane anayeishi peke yake na ng'ombe mmoja. Mwalimu alichanganya maziwa yake kidogo na spiriti ndani ya mrija wa kioo, kama walivyopima kila siku, yakaganda vipande vipande.

"Haya siwezi kuchukua, mzee. Pole."

"Kijana, hiyo dawa yako ndiyo imeharibu maziwa yangu!"

"Hapana, mzee. Hebu angalia." Mwalimu akainua ule mrija juu kwenye mwanga. Nikaona mabega yake yakinyooka, vile yalivyonyooka kila alipogeukia ubao. Akaeleza polepole jinsi maziwa ya jana jioni yanavyobadilika yasipopozwa, na jinsi ile spiriti inavyofichua tu kitu ambacho tayari kimo ndani. Kisha, nadhani kwa mazoea tu, akageukia foleni.

"Nani anaweza kutuambia ni kitu gani kimeongezeka ndani ya haya maziwa tangu yakamuliwe?"

Mkono wangu ukapanda wenyewe, na mkebe ukiwa kwenye ule mwingine.

"Ndiyo, wewe hapo."

"Ni asidi, mwalimu. Asidi ya laktiki."

"Kumbe nyinyi mnajuana?" mzee akauliza.

Mwalimu aliurudisha ule mrija mezani. "Huyu ni mwanafunzi wangu," akasema. "Na mimi ni mwalimu wake."

Mathe mmoja, mama wa makamo aliyekuwa nyuma, akapiga makofi, wengine wakafuata, na mzee akaenda na maziwa yake kuyatengeneza mala, yale maziwa ya kuganda, akisema angalau leo amejua sababu.

Tangu siku hiyo kulikuwa na swali moja kila asubuhi. Mwalimu aliliandika kwa chaki kwenye mlango wa mabati, na jibu lilitolewa kesho yake wakati wa kupanga foleni. Mwanzo nilikuwa peke yangu. Kisha alikuja msichana mwingine wa darasa letu kutoka ng'ambo ya mto, kisha wawili, kisha wakaja hata wale ambao kwao hakuna ng'ombe. Tulisimama kwenye mawe yetu ya chokaa, umbali ule ule walioutaka watu wa afya. Wakulima nao hawakukubali kuachwa nyuma. Ungesikia mama wawili wakibishana kwa nini sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima, na kila mmoja ana hakika.

Lakini kijijini maneno hayalali. Mtu alimwambia baba kwamba binti yake anakawia kituoni akiongea na mwanamume wa koti jeupe. Baba si mtu wa kelele. Alimaliza chai yake, akasema, "Kesho maziwa nitapeleka mimi. Wewe utanifuata."

Njia nzima nilitembea nyuma yake. Baba alisimama kwenye foleni kama mlingoti, ovaroli yake ya kazi ikinuka dizeli. Swali la kujibiwa siku hiyo lilikuwa kuhusu kutu: chuma kinahitaji nini ili kishike kutu, na tufanye nini kisishike?

"Ni mvua," mathe mmoja akasema.

"Mvua peke yake?" mwalimu akauliza.

Sisi wanafunzi tulijua jibu, lakini mimi nilikuwa nikimwangalia baba. Na kabla wenzangu hawajainua mikono, sauti nzito ikatoka nyuma yangu.

"Maji na hewa. Zote mbili. Tukimaliza kulima tunapaka plau grisi. Grisi inafungia maji nje, inafungia hewa nje."

"Sawasawa kabisa! Nani alikufundisha, mzee?"

"Trekta," baba akasema, na foleni nzima ikacheka, naye akacheka.

Tulirudi, yeye mbele mimi nyuma, mpaka tukakaribia geti letu. Hapo akasimama. "Huyo mwalimu hajafunga shule," akasema. "Usiwe unachelewa kufika."

Kilichobaki kunitia hofu kilikuwa mtihani wa vitendo. Huwezi kujifunza kupima asidi kwa kuambiwa. Lazima mkono wako ujue kudondosha tone moja, na macho yako yajue rangi inapogeuka. Nilimwambia mwalimu. Akaniuliza kwetu kuna nini. Nikamtajia: jivu, ndimu, sindano kubwa ya kutibia ng'ombe, na yale maua mekundu ya kwenye ua wa kanisa. "Basi mna maabara," akasema, akanieleza namna ya kuvitumia.

Nilichemsha maua nikapata maji mekundu. Nikatia kidogo kwenye maji ya jivu yaliyochujwa, yakawa kijani. Nikajaza sindano, bila ncha, maji ya ndimu, nikaanza kudondosha. Mara ya kwanza nilipitiliza. Mara ya pili nikapitiliza. Mama, aliyeacha shule darasa la sita, alikuwa akinitazama huku akimenya viazi.

"Unafinya kama mtu anayekimbizwa," akasema. "Nipe."

Alishika ile sindano kwa vidole vilivyokamua ng'ombe miaka ishirini. Tone. Tone. Kijani kikafifia. Tone. "Imegeuka!" akasema, akaacha hapo hapo. Tulisoma alama: mililita nane. Akarudia, nane. Akarudia tena, nane. Mimi nilihitaji siku tisa kumfikia, na siku nilipomfikia alisimama akanishika mabega akanitikisa, viazi vikaungua na hakuna aliyejali.

Tuliporudishwa shuleni sisi watahiniwa, mwalimu hakuwepo. Bodi ilisema haina uwezo wa kumlipa bado. Jumatano ya wiki hiyo hiyo foleni ya maziwa iliamua jambo. Walipomaliza kupima, watu wapatao ishirini walitembea na mikebe yao mitupu mpaka ofisi ya mwalimu mkuu, baba akiwa mmoja wao, na yule mzee mjane, ambaye hakuwa na mtoto shuleni hata mmoja, ndiye aliyezungumza. Alisema watu wa kule juu hawataki maneno mengi, wanamtaka mwalimu wao. Sijui bodi ilifanya nini baada ya hapo. Najua kwamba Jumatatu iliyofuata mwalimu alisimama mbele ya ubao, na tulipiga kelele hadi walinzi wakaja kuchungulia.

Hatukurudi wote. Yule msichana wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa wa kwanza kuungana nami pale kwenye foleni, alikuwa ameolewa. Dawati lake lilikaa wazi mpaka mwisho, na mwalimu alipoita majina alilisoma lake kila siku, akasubiri kidogo, kisha akaendelea.

Siku ya mtihani wa vitendo nilifungua bureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea asidi, nikaachia tone moja moja kama mama. Nilisoma namba tatu zilizokaribiana hivi kwamba msimamizi alipopita alisimama, akaangalia karatasi yangu, akaendelea na safari yake polepole.

Matokeo yalikuja kwa simu ya baba, asubuhi, tukiwa kituoni sote, hata mama. Baba alinipa simu nisome mwenyewe. Nilikuwa na A ya Kemia, na alama za kunipeleka chuo kikuu, wa kwanza katika nyumba yetu. Nilisoma kwa sauti. Mama alipiga kigelegele cha kwanza, na foleni ikavunjika. Wasichana wengine wawili wa darasa letu la foleni nao walikuwa wamefaulu, tukakumbatiana, barakoa zikining'inia masikioni. Lori la maziwa lilifika, dereva akapiga honi, akapiga tena, hakuna aliyemsikia. Mwishowe alizima injini akashuka, akamwuliza baba nani ameoa.

"Hakuna aliyeoa," baba akamwambia, akimpa mkono kana kwamba wamefahamiana miaka. "Tumepita mtihani."