Bei Kamili ya Mchezo Usiokamilika

Siku ile ya Bulengera naikumbuka vizuri, mwanangu, lakini kabla sijakupeleka huko, acha nitenganishe nilichokishuhudia na nilichoambiwa, mambo mawili ambayo wasimuliaji wengi huyachanganya. Mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza, nilikuwamo ukumbini. Ugomvi uliozuka baadaye sokoni Vulamba niliusikia kwa masikio yangu, nikiwa nimesimama kati ya wanunuzi. Onyesho la pili nililiona pia, kutoka mwanzo hadi mwisho. Yaliyotokea Beni niliambiwa tu. Kwa hiyo tutakapofika kwenye njia ya Beni nitasimama, na wewe usinisukume.

Ilikuwa miaka ya vita. Mji wetu wa Butembo ulikuwa umezoea kuamka na kuuliza barabara ipi iko wazi na ipi imefungwa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, mwenye suruali moja ya kazi na maneno mengi ya Kifaransa. Jirani yangu alikuwa Kavira, msichana aliyeongoza kwaya ya vijana, mwenye sauti ambayo hata wachuuzi walisimamisha baiskeli zao ili waisikilize. Mama yake mzazi alikuwa amebaki katika mji jirani wa Beni, mtaa wa Beu, na tangu barabara iharibike hawakuwa wameonana. Kavira akabuni mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na ngoma, akauita Posa ya Mbuzi. Nia yake ilikuwa kuupeleka Beni, mama yake akae mbele autazame.

Njia aliipata kwa Hadji Saidi, msafirishaji wa Beni ambaye lori lake lilipita pale ambapo mengine yalirudishwa. Mzee huyo alimwambia mbele yangu, akichanganya na Kifaransa kama wengi wa huku: "Binti, nafasi juu ya mizigo nitakupa bure. Mais sibebe aibu. Kama mchezo ni mubaya, mutabaki hapa."

Basi Kavira akatangaza onyesho la kwanza katika ukumbi wa parokia ya mtaa wetu wa Bulengera, mchana, ili watu warudi makwao kabla ya giza. Kijana mwenye kipaza sauti alizunguka mitaani akitangaza mchezo mzima, bei kamili. Na hapo, mwanangu, ndipo kosa lilipoingia. Mchezo haukuwa mzima. Mwisho wake haukuwa umetungwa, na siku ile ilikuwa ya kujaribu tu, waone kipi kinashika na kipi kinalegea. Kujaribu mbele ya watu si dhambi. Mafundi wote hujaribu. Lakini Kavira aliogopa kwamba akisema ni jaribio, watu hawatakuja. Akanyamaza, akauza tiketi.

Watu walijaa. Wapo waliotembea kutoka Vulamba, akina mama na watoto mgongoni. Karibu nami alikaa Mama Masika, muuza makayabo, wale samaki wa chumvi, mwanamke ambaye sokoni sauti yake ilitangulia meza yake. Sehemu ya kwanza ilipendeza. Nasema ilipendeza kwa sababu nilikuwapo. Gita lilikuwa moja, ngoma mbili, na zile sauti za kwaya zilipanda hadi mabati ya ukumbi yakatetema.

Kisha ikaja posa yenyewe. Mbuzi halisi aliletwa jukwaani akivutwa kwa kamba, ukumbi ukashangilia. Bwana arusi, kijana mrefu aitwaye Kasereka, akasonga mbele, akamkabili baba mkwe, akaanza kuimba akitaja mbuzi wake na kumwomba binti kwa kinywa chake mwenyewe.

Kelele zilianzia nyuma zikaja mbele kama mvua ya huku kwetu milimani.

"Eh! Anajisemea yeye mwenyewe?"

"Hana baba mudogo? Hana hata mujomba?"

"Ile ni posa ao ni kununua baiskeli?"

Wewe uliyezaliwa juzi huenda usielewe. Kwetu sisi Wanande, kijana anayeposa hafungui kinywa. Wazee wake ndio wanaosema, yeye anakaa ameinamisha macho, na kadiri anavyonyamaza ndivyo anavyoheshimiwa. Kijana anayejadili mbuzi na mkwewe uso kwa uso amewavua nguo wazee wake wote.

Kasereka alijikaza akamaliza wimbo. Pazia la kitenge likafungwa. Tulisubiri arusi. Badala ya bibi arusi alitoka Kavira, mikono imeshikana, akasema kwa sauti ndogo kwamba mwisho bado wanautafuta, na kwamba anatushukuru.

Sasa ndipo ukumbi ulipochemka kweli. Mama Masika alisimama juu ya benchi.

"Tumelipa muzima, unatupa nusu! Bibi arusi iko wapi? Donc basi anaolewa kesho, turudi tena na feza ingine?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na meno. Wengine walianza kwenda mlangoni. Mama Masika hakwenda. Akamnyooshea kidole Kavira.

"Na ile posa, nani alikufundisha? Ulionaka wapi bwana arusi anapiga domo mbele ya bakwe?"

"Sikuona popote, mama," Kavira akajibu. Machozi yalikuwa karibu, ila sauti ilisimama. "Tangu nikuwe mukubwa sijaona posa hata moja inafika mwisho. Ya dada yangu tulifanya mbio, batu banafunga mizigo. Bwana arusi alijisemea sababu wazee bake balikuwa porini, banakimbia. Nilifikiri ni vile."

Waliokuwa mlangoni walisimama. Sijui kila mmoja aliwaza nini, na sitakutungia. Mimi nilitazama jukwaani, nikaona kwamba kati ya vijana wote wale hapakuwa na mmoja aliyeweza kumsahihisha mwenzake. Vita ilikuwa imewafanya waoane kwa haraka, na wakadhani haraka ndiyo desturi.

Mama Masika alishuka kwenye benchi. Alipanda jukwaani polepole, akamshika Kasereka mabega, akamkalisha chini kwenye mkeka.

"Wewe kaa. Funga kinywa. Angalia vidole vya miguu yako. Ndo vile." Kisha akageukia ukumbi. "Mabenchi ya kushoto, ninyi ni ukoo wa kijana. Ya kuume, ninyi ni wa binti. Haya, batoto baone!"

Mwanangu, nimehudhuria mikutano mingi ya watu waliosoma, sijaona mjadala ulioendeshwa kwa ufundi kama ule. Mzee mmoja wa kushoto alivua kofia, akasema wamesikia kwamba katika nyumba hii kuna mbegu nzuri ya maharage, nao shamba lao limelala tupu.

Mama mmoja wa kuume akadakia: "Mbegu yetu ilisoma mpaka sekondari! Shamba lenu lina mbolea?"

"Tumekuja na mbuzi."

"Mbuzi moja? Ile ni salamu, haiko posa!"

Mama Masika alimzunguka yule mbuzi, akampapasa tumbo, akatangaza: "Iko na mimba. Bahesabu mbili!"

"Hapana!" ukoo wa binti ukapaza sauti. "Tutahesabu siku atazaa!"

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mtu alimwita Kambale aje amtetee mbuzi, na kwa kuwa Kambale ni jina la wavulana wengi wa huku, wanaume kadhaa waliinuka pamoja; tukacheka upya. Mpiga gita, ambaye hakuwa mjinga, alianza kuyafuata majibizano kwa nyuzi zake. Ngoma ikaingia. Muda si muda, pande zile mbili hazikuwa zikisema tena, zilikuwa zikiimbiana. Kavira alisimama pembeni akisikiliza kwa mwili mzima, midomo ikirudia kila mstari.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwa furaha. Lakini maneno ya watu yana miguu kuliko watu wenyewe. Siku chache baadaye, nikiwa Vulamba kununua chumvi, nilimkuta Hadji Saidi amesimama kati ya meza za soko. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alikuwa akimhadithia kwamba mchezo ule ulikuwa wizi mtupu, kwamba watu walivunja mabenchi, na kwamba Kavira alitorokea dirishani na mfuko wa pesa. Hadji alikuwa akitikisa kichwa.

"Basi imekwisha," akasema. "Lori yangu haibebe wezi."

Nilifungua kinywa niseme. Mama Masika alinitangulia. Aliuacha mzani wake ukining'inia, akaja na kisu cha makayabo mkononi, jambo lililofanya watu wampishe.

"Baba wa vitenge, wabukire," alimsalimu kwa Kinande, kwa adabu kamili. "Wewe ulikaa benchi gani?"

"Mimi sikuenda. Nilisikia."

"Ulisikia kwa nani?"

"Batu banasema."

"Batu! Ile batu ina jina? Mimi nilikuwa mule. Nililipa. Nililalamika kupita bote, uliza huyu mwalimu. Nilimwambia mutoto katika macho yake: umetuuzia nusu kwa bei ya muzima. Ndo ukweli, sitaumeza. Mais mabenchi iko muzima, dirisha iko muzima, na mutoto alibaki mupaka mutu wa mwisho alitoka. Kama unataka kumusema mubaya, lipa kwanza, kaa, uone, kisha usimame mbele yake. Si hapa kwa meza ya vitenge."

Yule bwana akaanza kukunja vitambaa vyake ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa. Hadji Saidi aliniuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Nikamjibu: ndivyo, pamoja na lawama zote. Akacheka kidogo ndani ya ndevu.

"Shahidi analaumu na anatetea siku moja. Huyo ninamuamini. Nitakuja kuangalia mimi mwenyewe."

Onyesho la pili lilikuwa na ubao mlangoni, mwandiko wa Kavira: mchezo bado uko jikoni, bei ni nusu, waliolipa mara ya kwanza waingie bure, na kila mwenye neno alibakize hadi mwisho aje amwambie yeye. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Hadji alikaa mbele, miguu imetanuliwa. Safari hii Kasereka alinyamaza karibu mchezo mzima, yule mwenye sauti nzuri kupita wanaume wote, ameinamisha macho huku koo mbili zikimjadili kwa nyimbo. Tulimwonea huruma, tukamcheka, tukamsubiri. Na bibi arusi alipotoka mwishoni, ndipo Kasereka alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza. Mwanangu, sitaki kutia chumvi. Nitasema tu kwamba Hadji Saidi alisimama kabla ya watu wote.

Haya, nasaha yangu sasa, maana sikukuita ucheke tu. Ukitengeneza kitu, kiwe mchezo au meza au shule, mwambie anayelipa kile anachokilipia. Kama kingali jikoni, sema kingali jikoni; watu watakuja, tena watakuletea kuni. Na ukiwa wewe ndiye mlipaji, kaa hadi mwisho, kisha lalamika bila kuogopa, kwa mwenye kazi, usoni pake, ukimwonyesha kinachopungua na namna ya kukijaza. Lawama ya aliyekaa ni msaada. Ya aliyesikia ni vumbi, na vumbi hili nusura limtenge binti na mama yake. Ukiulizwa jambo usiloliona, sema hukuliona. Hakuna atakayekudharau, na akikudharau, mwache.

Mungu akupe macho ya kuona mwenyewe na ulimi usiotangulia macho. Akupe kazi za kukamilisha, na wazee wa kukusahihisha ungali jukwaani.

Kuhusu Beni, husimuliwa mengi: kwamba watu walipanda juu ya kuta, kwamba mama yake Kavira aliimba kutoka benchi la mbele hadi wachezaji wakasahau zamu zao. Huenda ni kweli. Ningependa iwe kweli. Sikuwapo.

Nilichokiona mimi ni hiki. Asubuhi, mbele ya ukumbi wa Bulengera, lori la Hadji Saidi lilikuwa likinguruma. Kavira alikuwa juu ya mizigo, na ubavuni mwa lori ulifungwa ubao ule ule, umepakwa rangi upya: Posa ya Mbuzi, mchezo umeiva, bei kamili. Mbuzi alikuwa amepandishwa. Kasereka alikuwa amepandishwa. Na wa mwisho kupanda, akisukumwa na vijana wawili kutoka chini huku akiwagombeza kwamba hawajui kusukuma, alikuwa Mama Masika, shangazi mpya wa bibi arusi katika mchezo, ambaye meza yake ya makayabo aliniachia mimi niiangalie.