Nilisema Mashine Haiwezi Kudanganya

Mimi ndiye mkosaji, na sitaki mtu aniambie pole. Pole zenu zina mwenyewe, na si mimi.

Mimi ni fundi. Naishi Rhonda, hapa Nakuru, na kazi yangu ni kufunga kamera, fensi za stima na hizi mashine za kusoma chipu. Shamba moja kubwa upande wa Gilgil walitaka ng'ombe wao wavae hereni za plastiki zenye chipu, halafu mashine ikae getini. Ng'ombe akipita bila ruhusa, king'ora kinalia.

Sasa sikizeni. Mashine kama hiyo hutoa mawimbi, na serikali imewekea nguvu yake kikomo. Lazima ipimwe, iidhinishwe, ibandikwe stika, na wewe fundi uwe na leseni. Mimi leseni sikuwa nayo. Mashine niliitoa kwa jamaa anayeleta vitu vya nje, haina stika, na unaipandisha nguvu vile unataka. Nikasema hizo ni karatasi tu, nani atakuja mpaka Gilgil kupima mawimbi?

Meneja wa shamba alikuwa ananisumbua. "Fundi, yaani ng'ombe lazima asugue kichwa kwa mashine ndio isome? Ni nini hii umeniletea?" Nikaona aibu. Nikafungua kompyuta, nikapandisha nguvu hadi mwisho, kupita kabisa kiwango kinachokubaliwa. Ikaanza kusoma chap chap. Meneja akanipiga bega, akaniita injinia, na mimi kichwa kikafura.

Sikupima inasoma hadi wapi. Hilo ndilo jambo la kwanza fundi yeyote hufanya, unatembea na hereni mkononi uone mashine inaishia wapi. Sikutembea hata hatua moja.

Siku ya tatu, asubuhi, niko pale getini namalizia nyaya. Nje barabarani akapita mzee mmoja, nitamwita Wafula ingawa si jina lake, anavuta mtamba wake mwekundu kwa kamba. Alikuwa ametoka kumpandisha kwa fahali wa jirani. Akanisalimia, "Habari ya kazi, fundi?" Nikamjibu nzuri. King'ora kikalia.

"Mwizi wa ng'ombe!" soja wa geti akapiga kelele.

Mtu wa huku kwetu anajua hayo maneno hufanya nini. Watu walitoka kwa mahindi, kwa pikipiki, kwa kibanda cha chai. Yule mtamba hakuwa na hereni, lakini sikio lake moja lilikuwa limeraruka, jeraha la zamani lililopona kitambo. Soja akaliinua watu waone. "Ameing'oa! Ako nayo mfukoni!"

Wakamvua koti. Wakamvua suruali. "Hereni iko wapi?" Rungu. "Hereni iko wapi?" Rungu. Mzee anasema, "Wanangu, huyu alizaliwa mikononi mwangu," na damu inatoka mdomoni pamoja na meno.

Nikaangalia kompyuta. Nambari iliyosomwa ilikuwa mia moja kumi na nane. Huyo ng'ombe nilimjua, mweupe mwenye baka jeusi usoni, alinipiga teke siku nikimvisha hereni. Nikainua macho. Alikuwa ndani ya boma, mbali na geti, ametulia anakunywa maji. Mashine ilikuwa imemsoma kutoka huko kote kwa sababu ya ile nguvu nilipandisha.

Nilijua. Nilijua kabla hawajamvunja mkono.

Meneja akaniuliza mbele ya watu wote, "Fundi, hii mashine inaweza kudanganya?"

Nikafikiria leseni sina. Nikafikiria wataulizia stika, watauliza nani alipandisha nguvu, nitafungwa. Nikasema, "Haiwezi."

Ole wangu! Walikuwa wameanza kulegea, wanangoja tu niseme. Nilipomaliza hilo neno waliweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe la geti na kuugonga mpaka ukakunjika pahali hakuna kiungo. Mwingine akamrushia jiwe usoni karibu kabisa. Sikujua jicho likipasuka hutoa sauti. Hutoa.

Mtu mmoja wa pikipiki alipoanza kunyonya petroli kwa tangi na mpira, ndipo nikapiga nduru. "Wacheni! Ng'ombe wenu yuko ndani, huyo hapo anakunywa maji!" Wakageuka, wakamwona, wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama watu wanatoka kanisani. Mzee wakamwacha uchi kwa lami.

Polisi walipofika nilikuwa nimeshateremsha nguvu na kufuta rekodi. Nikawaambia ng'ombe alisogea karibu na geti kidogo. Wakaandika hivyo.

Nilienda hospitali nimejipanga kusema yote, nimekariri hata. Mke wake akanishika mikono yote miwili, analia. "Fundi, Mungu akubariki. Ameniambia ni wewe uliwazuia wasimchome." Mzee akageuzia uso pale sauti yangu ilikuwa. Jicho moja limetolewa, na hilo lingine haoni nalo vizuri. Akasema, "Asante, mwanangu."

Na mimi nikajibu, "Usijali, mzee."

Sasa hakamui tena, ule mkono haukunjiki. Wananipigia simu kuniambia nikipita Gilgil niingie chai. Yule mtamba alizaa, na ndama wakampa jina langu.

Mafundi wenzangu mlio na mashine zisizo na stika, zimeni leo. Kile kikomo si karatasi tu. Na ukiona mtu anapigwa kwa sababu ya kitu ulichofunga wewe, usingoje petroli kama mimi. Sema kwa rungu la kwanza, hata kama utafungwa.

Na kama unamfahamu huyo mzee, yeye hawezi kujisomea haya. Msomee wewe. Mimi nimeenda kwake mara tatu kumwambia, na mara zote tatu nimekunywa chai yao, nikashukuru, nikarudi nyumbani.