Maji Ambayo Sikuyahesabu

Baba yangu alizama maji akiwa kitandani, ndani ya nyumba kavu. Maji yenyewe tulimnywesha sisi.

Hii ilikuwa Malindi, mtaa wa Shela, mwaka 1987. Baba, mzee Badawi, moyo wake ulikuwa umechoka. Nairobi walimtia mashine ndogo ya kuongoza mapigo ya moyo chini ya ngozi ya kifua, tukashangilia.

Miezi minane baadaye miguu ikavimba tena, akawa hawezi kulala ila ameketi.

Daktari Musembi hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mashine haijamsaidia. Nyama ya moyo ndiyo imechoka. Ulaya wanapandikiza moyo mwingine, na wamekubali kumtazama. Lakini akivimba hivi hasafiri. Mpe dawa ya kukojoa, chakula kisicho chumvi, maji glasi nne kwa siku. Asipopungua kwa wiki tatu, mkae naye nyumbani."

Nikawa askari wa maji. Baba akiomba zaidi, nageuza uso.

Wiki tatu zikaisha. Alikuwa ameongezeka kilo sita.

"Unamnywesha nini?" daktari akauliza.

"Glasi nne, wallahi."

Safari ikafutwa.

Kurudi nyumbani, nikamkuta shangazi Khamisa anamnywesha baba kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na marashi. Bakuli zima.

"Shangazi! Si nilisema glasi nne?"

"Ya maji, ndiyo. Hii ni dua, Zuleikha. Dua nayo hupimwa?"

Ningemlaumu vipi? Kila aliyekuja kumtazama baba alileta kombe lake. Mimi ndiye niliyewapokea chupa mlangoni, nikawashukuru. Hata mimi sikuyahesabu.

Alasiri moja nikamwambia, "Baba, nisamehe. Kombe ndilo lililokuzuilia safari. Sikujua."

Akatabasamu kidogo.

"Mimi nilijua, mwanangu. Tangu siku ya kwanza."

"Ukanywa?"

"Kiu, Zuleikha. Kiu ilikuwa ikinitoa roho. Na hicho ndicho kinywaji pekee ambacho usingethubutu kuninyima."

Akafariki siku ya tisa baada ya hapo, maji yamemjaa mapafuni. Sikulia. Hata siku ya hitima nilipanga sahani tu, nikaziosha, nikazipanga tena.

Wenzangu mnaouguza, mpimieni mgonjwa maji kama mlivyoambiwa. Lakini kaeni naye, mumuulize kiu yake. Mimi kwa wiki tatu sikumuuliza hata mara moja.