Majamvi ya Mtaa na Chai ya Siku ya Kwanza

Jumanne, tarehe 6 Julai 1993. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kuingia mifupani, mkorosho ulio mbele ya nyumba yetu hauonekani mpaka uusogelee.

Naandika haya nikiwa bado naona aibu, maana ndiyo siku niliyomwekea mume wangu msiba akiwa hai, na sikukusudia, ingawa nikijipima kwa haki naona sehemu kubwa ya kosa ni yangu (nimesoma mpaka darasa la saba tu, nikichanganya mambo mnivumilie).

Baba Issa alikuwa amepunguzwa kazi mwaka uliotangulia, na wakati ule kila mtu alikuwa anasema siku hizi ruksa, anayetaka kuuza auze, na kweli sukari na unga wa ngano ambavyo zamani tulivipangia foleni vilikuwa vimejaa madukani, kilichokosekana ni mnunuzi. Tukauza mbuzi wetu, alikuwa huyo mmoja tu, tukanunua sukari, ngano, mafuta na majani ya chai, nikasema nitafungua hoteli ya chai mbele ya nyumba yetu hapa Newala. Vile vitu vikiisha bila kurudisha chochote basi, hakuna mara ya pili. Hilo nililijua vizuri kuliko nilivyojua kupika maandazi.

Shida ilikuwa wateja. Kibao cha kuandika jina sina, mabenchi sina, fundi seremala alitaka alipwe kabla hajashika msumeno (simlaumu, naye ana watoto). Nikafikiri kwamba mtu akipita akawaona wenzake wamekaa wanakunywa chai, na yeye atakaa. Kwa hiyo nikawaalika wazee wanne majirani waje asubuhi wanywe chai ya bure, siku ya kwanza tu. Sasa watakaa wapi? Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikwenda kwa Mama Hadija, anayetunza majamvi ya mtaa, nikamwomba matatu, akaniuliza ya nini, nikamjibu nina wageni asubuhi, akanipa bila kuuliza zaidi. Biashara sikuitaja, niliogopa atanikatalia, maana majamvi yale tuliyachangia sote kwa ajili ya misiba tu. Watu wa mtaa wanayajua kwa macho. Moja lina kiraka chekundu katikati, na mtu akikiona kile kiraka kimetandazwa mbele ya nyumba haulizi, anavua kofia anakaa.

Na mimi nilikijua. Mpaka leo najiuliza akili yangu ilikuwa wapi, nadhani ilikuwa kwenye hamira.

Baba Issa aliondoka na lori kabla hakujapambazuka, akaenda Masasi kutafuta vikombe vya kuongezea vyetu vichache, majamvi hakuyaona. Wazee wakaja wamejifunika mashuka mpaka masikioni kwa ile baridi, wakakaa kimya wameinamisha vichwa, maana Mzee Mchopa, mkubwa wao, haongei na mtu kabla hajapata chai, na wenzake wanamheshimu. Mimi nikawahi uani kwenye jiko langu. Sasa wewe mpita njia, piga picha: ukungu, wazee wanne wamejitanda, hawasemi, wamekalia kiraka chekundu.

Nilipotoka na birika nikakuta watu tisa. Niliporudi na maandazi wakawa kumi na watano. Moyo wangu ukafurahi jamani, nikamimina, nikagawa, bei sikuitaja kwa kuwa niliona si adabu kumdai mtu siku ya kwanza kabla hajatafuna, watalipa wakiondoka. Hakuna aliyeondoka.

Baadaye wanawake wakaanza kuingia uani, khanga zimefungwa viunoni, mmoja ana kuni, mwingine ana unga wa muhogo kwenye ungo, wawili wana ndoo za maji kichwani, na maji yenyewe siku zile yalipandishwa kutoka bondeni kwa miguu. Wakaniamkia kwa sauti ndogo, wakaninyang'anya mwiko taratibu, wakaongeza ngano, wakafungua sukari. Nikasema moyoni, majirani hawa wana upendo, wamekuja kunisaidia kufungua hoteli. Nikataka kuchuja chai, Mama Hadija akanishika mkono.

"Mama Issa, kaa chini. Mfiwa hapiki."

Nikamuuliza nimefiwa na nani. Wakatazamana. Mmoja akajifunika uso akaanza kulia, na hapo nikasikia kule nje mwanamume anasema kwamba Baba Issa alionekana alfajiri akipanda lori, na ile barabara ya kuteremkia Masasi yenye ukungu namna hii, tusemeje.

Sasa hapa ndipo ninapoona haya zaidi. Mtu mwenye akili timamu angesema ngojeni, majamvi niliyatandika mimi. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini wakati uleule akaingia wifi yangu, dada yake Baba Issa, ametoka Mkunya kwa miguu, alipata habari kwa mwenye baiskeli, ana unga kichwani na machozi mpaka shingoni, akanikumbatia akasema, "Wifi, kaka yangu ameniacha." Nikafikiri, dada wa tumbo moja hawezi kulia hivi bila kuwa na hakika. Labda lori limeanguka kweli, labda wote wanajua, mimi ndiye wa mwisho kuambiwa. Nikalia. Na wifi aliponiona ninavyolia (alinieleza baadaye) ndipo na yeye akaamini kabisa, maana njia nzima alikuwa bado anatia shaka. Tukaliana hivyo, kila mmoja kwa sababu ya machozi ya mwenzake, mpaka adhuhuri ikapita.

Nisiwe mnafiki, katikati ya kilio niliwaza pia habari ya sukari. Nilisikia mtu anakung'uta mfuko.

Kumbe Baba Issa alifika Masasi salama, akapata vikombe sita vya bati, akarudi na gari lingine. Alasiri akaja na kifurushi chake, akaona majamvi, watu wengi, nyumba yake. Alidhani ni mimi au ni mwanetu Issa. Akavua kofia, akakaa pembeni karibu na Mzee Mchopa ambaye macho yake siku hizi hayaoni vizuri, akamuuliza polepole ni nani aliyefariki.

"Baba Issa," mzee akamjibu.

"Baba Issa yupi?"

"Wa nyumba hii. Aliyepunguzwa kazi."

Anasema alipumua, maana angalau si mimi na si mtoto. Halafu akasema, "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia marahaba, kisha akageuka taratibu, akamwangalia muda mrefu, akamwekea kiganja begani kama anayepima kitambaa. Akawaambia wenzake, "Huyu ana joto."

Sisi wa uani tulisikia kelele tukatoka. Wifi alimpiga kaka yake makofi mawili ya mgongoni, kisha akamshika shati hakumwachia. Mimi nilikaa palepale mlangoni. Ndipo Mama Hadija akauliza mbele ya watu wote nani alitangaza, mwenye baiskeli akasema aliona majamvi, mwingine aliona wazee, wazee wakasema wao waliitiwa chai na walipoona kiraka walidhani labda kuna kisomo. Ikabaki mimi. Nikasimama, nikasema yote, wateja, mabenchi, na yale maneno ya wageni niliyomwambia Mama Hadija.

Mama Hadija akasema, "Mwanamke wa kumzika mume ili auze maandazi ndiyo kwanza namwona leo." Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, mmoja mmoja, na sikumkasirikia, alikuwa na haki, ndoo moja ya yale maji ilikuwa yake.

Sukari ilibaki ya kulamba kidole. Ngano hakuna. Nikawaomba waliokuja na unga wauchukue, wakakataa, unga ukishaingia msibani hautoki ukarudi nyumbani kwa mtu. Baba Issa akauliza kwa sauti ndogo kama tungeweza kuupika uji tukauuza, tukaanzia hapo. Nilifikiri sana. Nikasema hapana, watu waliuleta kwa machozi, siwezi kuwauzia tena wenyewe. Sijui kama nilikuwa sahihi, mbuzi alikuwa ameshakwenda.

Kesho yake asubuhi Mzee Mchopa alikuja na kigoda chake kwapani. Akasema kama sukari imeisha nitie tangawizi tu, akanywa, akalipa. Wenzake wakafuata, kila mmoja na kigoda chake, na wakatoka watu hata kijiji cha Chilangala kuja kumtazama mwanamume aliyekaa matangani kwake, wakimaliza kumtazama wanaona kiu. Hoteli mpaka sasa haina kibao. Ukiuliza njiani utaelekezwa kwa Marehemu, na Baba Issa anaitika. Ni chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, lakini ipo. Majamvi niliyafua mwenyewe kwa maji niliyoyapandisha mwenyewe, nikayarudisha, na nimeapa jamvi la mtaa sitaliomba tena mpaka kuwe na maiti ndani.

Jioni ile ya msiba wifi alilala kwetu. Tulikula ugali wa muhogo, unga ule alioubeba yeye kutoka Mkunya, na mbaazi zilizoungwa kwa karanga. Baba Issa aliongeza mara mbili.