Mzee Anayeinuka Kitini

Kwa miaka thelathini Mama Katuni alichora picha zinazotembea, kwanza kwa penseli, karatasi juu ya karatasi, kisha kwa kompyuta kadhaa zilizomzeekea mkononi. Juzi programu mpya ya ofisini ilitengeneza, kwa dakika moja tu, picha ya mzee akiinuka kitini. Wenzake kazini waliridhika.

“Huyu anaruka kama kijana,” Mama Katuni alisema. “Mzee hushika goti kwanza, akavuta pumzi.”

“Basi tuonyeshe, mama,” bosi akamtania.

Akatafuta penseli, akachora hatua sita, nao wakaiagiza programu izifuate. Safari hii mzee aliinuka taratibu. Mama Katuni akaitazama tena picha hiyo. Ndivyo marehemu baba yake alivyokuwa akiinuka kumpokea kila alipotoka shule.